Mpira wa Tenisi na Hewa ya Musoma

Wasikilizaji wangu, mtu azoeaye tenisi Dar es Salaam, akija Musoma, huona mipira yake yapita mstari. Huulaumu mkono wake, nao hauna kosa.

Zamani wazungu walicheza kwa mipira ya matambara, isiyodunda katika majani. Charles Goodyear wa Marekani alipata hati mwaka 1844 ya kupika utomvu wa mpira pamoja na kiberiti cha unga. Ndipo Meja Walter Wingfield akaweza kupata hati ya tenisi ya majani, Uingereza, mwaka 1874.

Mpira wa kawaida umetiwa hewa ya kubana. Uso wa Ziwa Viktoria u mita 1,134 juu ya bahari, na hewa yake imepungua karibu sehemu moja katika nane. Basi mpira hubanwa kidogo kwa nje, hudunda zaidi, tena hauzuiwi sana urukapo.

Sheria za Shirikisho la Tenisi Duniani zaruhusu mipira mingine kupita mita 1,219. Ufuko wa Musoma haujafika hapo, ingawa nchi yainuka kuelekea Butiama. Aina moja haina hewa ya kubana. Nayo sharti ikae siku 60 katika kimo cha uwanja kabla ya kuchezewa.