Amana ya Baraza la Juu



Ukitoka Tabora mjini ukashika njia ya kusini, ukaipita Sikonge, utafika Ipole. Ni mahali padogo, lakini barabara hapo hugawanyika: moja huelekea Koga hadi Mpanda, na nyingine hushuka Rungwa, kisha Chunya na Mbeya. Kwetu sisi watu wa pwani nchi ile si ngeni. Babu zetu waliiendea kwa miguu miezi mizima, wengine wakarudi na pembe na wengine wakazikwa huko, na Kiswahili na misikiti vikabaki kuwa ushahidi wao. Leo nataka tuzungumze juu ya mabaraza na watu wanaokaa ndani yake, nami nimeanza upande wa Tabora kwa kuwa huko kuna kisa kinachotufaa kabla hatujafika Nairobi.

Mwaka 1871 wakubwa wa Kiarabu wa Unyanyembe walikusanyika kushauriana habari za Mirambo, ambaye alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Walikuwapo Said bin Salim, aliyekuwa liwali, na Khamis bin Abdullah, mtu hodari aliyetaka vita bila ya kungoja. Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, alihudhuria pia. Wakakata shauri la vita, na baadaye wakatoka. Mwanzo wao ulikuwa mzuri; kijana Soud bin Said bin Majid aliteka boma na kuchukua pembe na watumwa wengi, lakini wakati wa kurudi Mirambo akamvizia majanini, akamuua yeye na wenziwe. Mwezi huo huo wa Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe, akaunguza sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah akauawa. Stanley akaizunguka vita kwa kupita njia za kusini. Biashara ya njia ile ikateseka miaka.

Tazama, msomaji, watu wale hawakukosa akili wala ushujaa. Walishauriana, na kushauriana ni jambo tuliloamrishwa, hata imo Sura katika Kitabu kitukufu iitwayo Ash-Shura. Walichokosa ni kitu cha kuwachelewesha. Baraza lilikuwa moja, maneno ya moto yakasemwa mara moja, na hapakuwa na wengine wa kuambiwa, "Haya ndiyo tuliyoamua, nanyi yatazameni."

Hiyo ndiyo kazi ya baraza la juu, ambalo wengi hulijua kwa jina la Seneti. Bunge la chini hutunga, la juu hutazama tena. Mataifa makubwa kama Marekani na Ufaransa yanalo. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, ilichagua Bunge moja tu. Machifu nao walipoondolewa madaraka yao ya utawala mwaka 1963, halikubaki baraza jingine lolote la kitaifa ambamo wazee wa nchi wangekaa kwa cheo chao. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe na Mwislamu mwenzetu, ambaye alikuwa waziri wa sheria wa kwanza wa nchi huru, aliacha uwaziri mwaka huo huo. (Asije mtu akadhani Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, lililoanza mwaka 1980, ni baraza la juu. Hilo ni la mambo ya Zanzibar, wala halikagui sheria za Bunge la Muungano.)

Jirani zetu wa Kenya ndio waliojaribu. Katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1962, chama cha KADU kilichoongozwa na Ronald Ngala, mtu wa pwani, kilidai serikali za majimbo ili makabila madogo yasimezwe na makubwa. KANU haikupenda, lakini ilikubali ili uhuru usichelewe. Ndipo ikazaliwa Seneti ya watu 41: mmoja kwa kila wilaya, nazo zilikuwa 40, na mmoja wa Nairobi. Hapo ukubwa haukuhesabiwa. Lamu yenye watu wachache ilikuwa na sauti moja, sawasawa na wilaya yenye watu mara nyingi zaidi. Pwani ilipata viti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Taita, Tana River na Lamu. Uchaguzi ukafanyika Mei 1963. Wasomali wa Kaskazini Mashariki, Waislamu wenzetu, waliususia kwa kuwa walitaka kujiunga na Somalia, na viti vyao vikabaki vitupu. Spika wa Seneti akawa Timothy Chokwe, naye pia mwana wa pwani.

Seneta alipewa miaka sita, na kila baada ya miaka miwili theluthi moja ya viti ilikuwa irudi kwa wapiga kura. Nguvu zake zilikuwa za aina mbili. Mswada wa kawaida Seneti iliweza kuuchelewesha mwaka mzima, na mswada wa fedha mwezi mmoja. Hiyo ilikuwa nguvu ndogo. Nguvu kubwa ilikuwa katika katiba. Kuzibadili sehemu zilizofungwa kwa kufuli, yaani haki za watu, majimbo na Seneti yenyewe, kulihitaji robo tatu ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Piga hesabu: watu watano tu kati ya 41 waliweza kuzuia. Pwani peke yake ilikuwa nao sita!

Na watu wa mwambao walikuwa na jambo zito la kulilinda. Ule ukanda wa maili 10 kutoka Vanga hadi Kipini ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza wakiukodi tangu mwaka 1895. Wengi wa wakazi wake hawakutaka uingizwe Kenya. Walitaka mwambao wao wenyewe. Tume ya Sir James Robertson ya mwaka 1961 ikashauri uingizwe. Mwezi Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, wakaandikiana barua, na mkataba ukatiwa saini London tarehe 8. Kenyatta aliahidi kwamba dini itakuwa huru; kwamba mahakama za Kadhi zitabaki; kwamba penye Waislamu wengi watawala watakuwa Waislamu kadiri iwezekanavyo; kwamba watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu; na kwamba hati za mashamba zitaheshimiwa. Miezi mitatu baadaye, Januari 1964, serikali ya Sultani na ya Shamte ikapinduliwa. Mmoja wa walioahidiana hakuwapo tena kuidai ahadi. Nani basi angeidai, isipokuwa wale waliotumwa Nairobi na watu wa mwambao wenyewe?

Hapa ndipo kisa kinapouma. Seneti haikuvunjwa na askari, wala na mkoloni. Mwaka 1964 wanachama wa KADU wakaanza kuhama mmoja mmoja, na Novemba Ngala akatangaza kwamba chama kizima kinaingia KANU. Upinzani ukaisha, na ile asilimia 90 ikapatikana kwa urahisi. Desemba 12 Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakaanza kupunguzwa nguvu. Mwaka 1965 kufuli lenyewe likalegezwa: sasa asilimia 65 ya kila baraza ikatosha. Mwishoni mwa 1966 ukaletwa mswada wa kuunganisha mabaraza mawili kuwa moja, na Seneti ikaupitisha.

Waliambiwa nini? Waliambiwa kuwa nchi changa haiwezi kulipa gharama ya mabaraza mawili, na kwamba umoja wa taifa ni bora. Hayo si maneno ya kupuuzwa, na Tanganyika iliendeshwa kwa fikira hizo hizo. Wala si haki kuwashuku wote; wapo walioamini hivyo kwa moyo safi. Lakini tuangalie na hili. Maseneta hawakwenda nyumbani. Zilikatwa sehemu mpya 41 za uchaguzi, kila seneta akapewa kiti katika Bunge moja bila ya kurudi kwa wapiga kura, na viti vya kuchaguliwa vikawa 158. Tena maisha ya Bunge yakarefushwa hadi mwaka 1970. Mtu aliyeulizwa kama alinde mlango au apewe chumba kizuri ndani alichagua chumba. Mimi naona kosa kubwa lilikuwa hapo, kwa kuwa kile kiti hakikuwa chake cha kubadilishana. Kilikuwa amana ya watu wa Lamu, Kwale na Kilifi, na wenye amana hawakuulizwa.

Humphrey Slade, aliyekuwa Spika wa baraza la chini, akaendelea kuwa Spika wa Bunge lililounganishwa. Seneti ikawa imeishi miaka mitatu na nusu kati ya miaka sita waliyopewa wajumbe wake wa kwanza.

Baada ya hapo mwambao ulitegemea sheria na hisani. Sheria ya Mahakama za Kadhi ikatungwa mwaka 1967. Seneti ikarudi kwa katiba ya mwaka 2010, na kwa uchaguzi wa Machi 2013 ikawa na wajumbe 67, kati yao 47 wa kuchaguliwa na kaunti. Mombasa ilimpeleka Hassan Omar Hassan, Lamu ikampeleka Abu Chiaba, nao walikaa muhula mmoja hadi 2017. Na katika mjadala wa katiba hiyo hiyo ziliinuka sauti nyingi kutaka Kadhi aondolewe kabisa. Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaamua kuwa hakustahili kuwamo. Waislamu walipojibu walizitoa zile barua za Oktoba 1963, wakazisoma mbele ya watu. Tarehe 4 Agosti wananchi wakaipigia kura katiba, ikapita, na Kadhi akabaki katika kifungu cha 170.