Kula Ufalme: Asili ya Kitenzi cha Wayoruba na Wagun

Katika Kiyoruba, lugha ya kusini-magharibi mwa Nigeria na mashariki mwa Benin, kitenzi jẹ, kinachotamkwa kwa toni ya kati, kina maana ya msingi ya kula, na kwa kuwa aghalabu huambatana na jina la kinacholiwa, mtu anayekula tu husemwa kwa neno jẹun, yaani jẹ lililoungana na ohun, "kitu". Wagun wa Porto-Novo na Badagry, ambao lugha yao ni ndugu ya Kifon na Kiewe, hufuata njia hiyohiyo kwa kitenzi chao du: du nu, "kula kitu". Jẹ isichanganywe na jẹ́ ya toni ya juu, ambayo ni kitenzi kingine chenye maana ya kuwa au kuitwa.

Utajiri wa vitenzi hivi hudhihirika nje ya jikoni. Myoruba anayetawazwa husemwa jẹ ọba, neno kwa neno "kula mfalme", apewaye cheo hula cheo (jẹ oyè), na mwenye kudaiwa hula deni (jẹ gbèsè). Mateso nayo humgeuzia mlaji kibao, kwani ìyà jẹ mí ni kusema kwamba mateso yamenila. Kwa Wagun, kutoka ahọlu, "mfalme", limeundwa ahọluduta, "ufalme", ambalo ndani yake du ingali imekaa, na mdaiwa ni ahọ́dutọ, "mla deni".

Ni rahisi kudhani kwamba jirani mmoja alimwiga mwenzake, hasa kwa kuwa katika karne ya 18 dola ya Wayoruba ya Oyo ilifanya biashara kubwa kupitia Porto-Novo. Ujirani huo huenda uliimarisha matumizi haya, lakini hautoshi kuyaeleza, kwa maana Waewe, walio mbali zaidi magharibi, nao husema ɖu fia, "kutawala", kwa kitenzi chao cha kula. Diedrich Westermann, aliyelinganisha lugha za Afrika Magharibi na za Kibantu katika kitabu chake cha 1927, alionyesha jinsi mizizi mingi ya namna hii inavyorudi kwenye asili moja ya kale. Kiefik cha Nigeria kina dia, Kikongo kina kudia, Kiganda kina kulya na Kiswahili kina kula. Na huko Buganda, Kabaka mpya anaposhika kiti, husemwa kwamba amekula Buganda.