Akina Anand: Ukoo uliopeleka mchuzi wa Kenya London

NI nadra kupata hoteli ndogo mjini Kitui, Wote au Mtito Andei isiyouza chapati kwa ndengu. Mlo huo umezoeleka mno Ukambani hivi kwamba ni wachache wanaokumbuka kuwa upishi wa aina hiyo ulienea bara pamoja na reli.

Kati ya 1896 na 1901, serikali ya Uingereza ilileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Reli hiyo ilikatiza eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Makueni. Mjini Makindu, waumini wa dini ya Sikh, maarufu kama Kalasinga, walijenga hekalu mnamo 1926. Hadi leo, msafiri wa dini yoyote hulishwa humo mchuzi na chapati bila malipo.

Kuna Wapunjabi walioufanya upishi huo kuwa biashara. Miongoni mwao ni Bishan Das Anand, ambaye katika miaka ya 1950 aliendesha Brilliant, ukumbi wa burudani jijini Nairobi uliosifika kwa vyakula vyake.

Mnamo 1967, Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia. Maelfu ya Waasia waliokuwa na pasipoti za Uingereza waliondoka. Familia ya Anand nayo hatimaye ilipiga kambi London. Mnamo 1975, wanawe Bishan Das, Kewal na Gulu, walifungua mkahawa mtaani Southall na kuupa jina lile lile la Nairobi, Brilliant. Miaka mitano baadaye, mjukuu wake, Sanjay Anand, alianzisha Madhu's katika mtaa huo huo. Sanjay alitunukiwa nishani ya MBE ya Uingereza.

La kustaajabisha ni kwamba akina Anand hawakuificha Kenya. Orodha ya vyakula ya Madhu's imekuwa na majina kama "nyamah choma", "machuzi kuku" na "boozi bafu". Tahajia ni ya kigeni, lakini sikio la Mswahili halikosi kumtambua mbuzi na mbavu zake. Muhogo nao huuzwa Southall kwa jina la "mogo".

Historia hii ina funzo kwa Ukambani. Mnamo 2018, serikali ya Kaunti ya Kitui iliwahimiza wakulima kupanda ndengu kwa wingi, nazo mbaazi za Makueni zimezoea soko la India. Hata hivyo, mkulima huuza gunia la mbegu kavu, na bei hupangwa na mnunuzi. Akina Anand hawakuwa na shamba wala gunia. Walikuwa na upishi na jina, na walivichukua vyote viwili walipovuka bahari.