Choki ya Morris Minor

Wengi wetu tuliokulia Nairobi au Arusha tunaikumbuka Morris Minor, gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza hapa London, Earls Court, mwaka 1948. Asubuhi za baridi wazee wetu walivuta choki: waya ulishusha jeti ya kabureta, petroli ikaongezeka katika mchanganyiko, injini ikawaka.

Tunapofunga waya mpya, tuuachie ulegevu wa milimita moja na nusu hivi. Ukikazwa mno, jeti hairudi juu kabisa. Plagi hujaa masizi na petroli huisha bure.

Mafundi wa nyumbani, wengi bila cheti, walilijua hilo kwa kusikiliza injini tu. Sisi tulivuka bahari kuja kulisomea. Tusiwasahau walimu wetu wa kwanza.