Fimbo Isiyo na Mti: Majina ya Mbao katika Historia ya Biliadi na Pool

Kiswahili kina desturi ya zamani ya kuitambua fimbo kwa mti wake. Mtobwe ni mti, na mtobwe ni fimbo ya mzee aendapo msikitini. Mkwaju ni mti uzaao ukwaju, na mkwaju ni fimbo. Henzerani ni mmea utokao ng'ambo, na ndilo jina la kiboko chembamba kilichowafanya wanafunzi wengi wa chuoni wahifadhi sura zao. Hata bakora, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo halitaji mti wowote, hupenda kufuatwa na maelezo: bakora ya mtobwe. Kwa msemaji wa pwani, ubao ni sehemu ya maana ya fimbo, kwani unaeleza uzito, unyumbufu na hadhi ya aishikaye.

Kuna fimbo moja ambayo haikupata bahati hiyo. Mchezo wa pool, ambao wasemaji wengi huutamka puli, ulienea katika baa na vibanda vya Tanzania kuanzia miaka ya 1990, baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Meza zake zimefika hadi miji midogo ya nyanda za juu za Kigoma. Kifaa chake kikuu huitwa fimbo tu. Haitajwi kuwa ya mti gani. Kwa mtafiti wa lugha, ukimya huo una historia, na historia hiyo inasomeka vizuri zaidi ikianzia bara kuliko pwani.

Heru Juu, katika Kasulu, palikuwa makao ya Mwami wa Heru, mojawapo ya tawala za Buha pamoja na Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo. Hapo ndipo Mwami Theresa Ntare aliposhika utawala mwaka 1946, mmoja wa wanawake wachache sana waliokuwa watawala wa jadi katika Tanganyika ya wakati ule. Katika nchi hiyo ya ng'ombe fimbo ya mchungaji ni inkoni, neno ambalo Waha wanalo pamoja na jirani zao Warundi, na ambalo ndugu zake wanasikika hadi Uganda kwa umbo la enkoni. Kiswahili kilifika Buha kwa njia mbili. Ya kwanza ni Ujiji na misafara yake. Ya pili ni manamba, yaani Waha waliokwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko wakati wa ukoloni, wakarudi na lugha pamoja na nguo na baiskeli. Njia hii ya pili imepewa uzito mdogo mno katika maandishi ya historia ya Kiswahili, ingawa yamkini ndiyo iliyokifikisha hadi vijijini.

Njia ya kwanza ndiyo inayoiunganisha Buha na meza ya biliadi. Katika karne ya 19 mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu. Pembe za Afrika ya Mashariki, ambazo wafanyabiashara waliziita laini kwa sababu hazipasuki upesi, zilipendwa kuliko nyingine. Jino moja lilitoa mipira michache tu, mara nyingi isiyozidi mitano, kwa kuwa ilibidi kiini cha jino kipite katikati kabisa ya mpira, la sivyo ungeviringika upande. Pembe hizo zilitoka bara, zikapita Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo na Unguja, kisha London na Marekani. Watawala wa Uha walijua thamani ya njia hiyo. Novemba 1871, Henry Morton Stanley, akienda Ujiji kumtafuta David Livingstone, alidaiwa hongo ya nguo mara kwa mara alipopita Uha, hata akaamua kuiacha njia na kupenya porini usiku. Vitabu vya wasafiri huieleza hongo kama unyang'anyi. Mwenye nchi aliiona kuwa ushuru, na neno lenyewe wakati ule halikuwa na aibu liliyo nayo leo. Uhaba wa pembe ulipozidi, katika miaka ya 1860 watengenezaji wa meza huko Marekani walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni kitu mbadala. Majaribio ya John Wesley Hyatt yakazaa seluloidi, mojawapo ya plastiki za kwanza.

Fimbo yenyewe ina asili nyingine. Wachezaji wa kale wa Ulaya walisukuma mpira kwa rungu lenye kichwa kipana. Mpira ulipokaribia ukingo, kichwa kilikwama, nao wakageuza rungu na kutumia mkia wake. Mkia kwa Kifaransa ni queue, na jina la mkia likawa jina la fimbo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa François Mingaud aliieneza ncha ya ngozi, ambayo humwezesha mchezaji kuupinda mwendo wa mpira.

Fundi anayeichonga fimbo hiyo kwa mkono hawezi kuwa na ubao mmoja. Sehemu ya mbele, nyembamba hadi takriban milimita 13 kwenye ncha, huhitaji ubao mnyoofu na mgumu usiojipinda: mepo wa Amerika ya Kaskazini kwa pool, eshi wa Ulaya au Marekani kwa snuka. Sehemu ya mkononi huhitaji uzito na uzuri, na hapo ndipo huingia miti ya nchi za joto, abunusi, mpingo, na jamii ya mninga. Vipande huunganishwa kwa ndimi ndefu zilizochongoka, kisha hukerezwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, ubao ukipumzishwa kati ya kerezo na kerezo ili mivutano iliyomo ndani yake itulie. Fimbo nzima huwa na gramu 500 hadi 600.

Fimbo hiyo siyo iliyofika Kasulu. Fimbo nyingi za bei nafuu zilizosambaa duniani zilitengenezwa viwandani kwa ramini, mti wa vinamasi vya Borneo na Sumatra, zikapakwa rangi na vanishi mpaka ubao usionekane. Ramini ulikatwa kiasi kwamba mwaka 2005 uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Mtu hawezi kuupa fimbo jina la mti asioweza kuuona, na kwa sababu hiyo neno fimbo likabaki tupu.

Ajabu ni kwamba ubao wa thamani katika fimbo za kifahari hutoka katika misitu ambayo Kiswahili kinaifahamu kwa majina. Na hapa pana kosa la kitaaluma linalostahili kusahihishwa. Kamusi za enzi ya ukoloni zilizoea kuufasiri mpingo kwa neno la Kiingereza ambalo haswa ni la abunusi. Abunusi, jina lililopitia Kiarabu, ni ubao wa miti ya jamii ya Diospyros. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, jamaa wa kunde, ambao ubao wake huzama majini. Hupendelea nchi kavu za chini, si migongo ya baridi kama ya Heru. Viti vya enzi vya Lamu na Siyu, vyenye ubao mweusi na njumu za pembe, vimeitwa vya abunusi katika makumbusho mengi bila ubao wenyewe kuchunguzwa. Ikumbukwe kwamba mafundi wa fimbo za biliadi nao waliunganisha ubao mweusi na pembe, wakiiweka pembe kwenye viungo na chini ya ncha, hadi biashara ya kimataifa ya pembe ilipopigwa marufuku kwa uamuzi wa CITES wa mwaka 1989. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza hatua hiyo.

Kosa la kamusi liliwahi kuwa jambo la wanaisimu peke yao. Sivyo tena. Tangu Januari 2017 karibu miti yote ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, imo katika Kiambatisho cha Pili. Diospyros ya Afrika bara haikuorodheshwa, isipokuwa ile ya Madagaska iliyotangulia kuingizwa mwaka 2013. Kwa hiyo shehena moja ikiandikwa kwa neno la mazoea la Kiingereza badala ya mpingo, inavuka kutoka sheria moja hadi nyingine kwa tafsiri tu.

Buha haiko nje ya suala hili. Miti mikubwa ya biashara katika misitu ya miombo ya Kasulu na Kibondo ni mninga, yaani Pterocarpus angolensis, na ndugu yake mkurungu, Pterocarpus tinctorius. Yote miwili hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mninga kusini mwa Tanzania huitwa pia mtumbati, Zambia mukwa, Afrika Kusini kiaat, na katika soko la dunia muninga, jina la Kibantu lililosafiri pamoja na gogo. Mafundi wa fimbo wa Marekani wamezoea zaidi jamaa yake wa Kameruni na Kongo, ambaye huuzwa kwa jina padauk, neno la Kiburma. Hivyo mti wa Afrika unaitwa kwa Kiburma, na wa Tanzania unabaki na jina lake. Mkurungu uliorodheshwa na CITES mwaka 2019. Mninga, pamoja na Pterocarpus nyingine za Afrika zilizokuwa bado hazijaorodheshwa, ulifuata katika mkutano wa Panama wa mwaka 2022.

Tangu mwaka 2023 ubao wa mninga unaovuka mpaka wa Tanzania hudaiwa hati yenye jina la Kilatini. Afisa anayeikagua hati hiyo kwa kawaida humuuliza dereva kwa Kiswahili ni mti gani, na dereva hujibu mninga, mkurungu au mtumbati. Orodha inayolinganisha majina hayo na ya Kilatini, pamoja na yale ya Kiha anayoyatumia mkata magogo, ni kazi ya idara za Kiswahili sawasawa na ilivyo ya idara za misitu.