Kirangozi na Mhadhiri

Ipole, kusini mwa Sikonge, barabara itokayo Tabora hugawanyika: moja huelekea Mpanda, nyingine Rungwa. Kila nipitapo hapo huwakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, na sifa yake kuu ilikuwa kuijua njia: maji yalipo wakati wa kiangazi, na vita vilipo. Mwaka 1871, mapigano na Mirambo yalipofunga njia ya Ujiji, msafara wa Stanley ulilazimika kuzunguka kusini. Maarifa ya njia yalikuwa uhai.

Niliwahi kuketi katika jopo la usaili wa mhadhiri wa sera za tabianchi na nishati. Tulikagua GPA, machapisho na barua za wadhamini. Hakuna aliyeuliza, nami nikiwemo, kama mwombaji amewahi kuona bani la tumbaku likilishwa magogo ya miombo.

Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wanafunzi wa mhadhiri huyo ndio watakaokuwa maofisa wa wilaya, wakimkataza mama mkaa na mkulima kuni. Wasipojua mbadala, watatoza faini tu.

Sisemi vyeti vitupwe. Nasema tangazo lidai pia utafiti wa kijijini, na kwenye jopo aketi mfugaji nyuki mmoja. Yeye atauliza tulichosahau kuuliza.