Nuni ya Adhama: Mungu Anaposema "Sisi"

Mzee aliyekaa peke yake barazani ukimuuliza hali atakujibu "tupo", au "tunamshukuru Mungu". Kijana anayepanda bodaboda pale Malaba husema anakwenda "kwetu". Akisema "kwangu" utadhani kagombana na ndugu zake. Mwandishi wa tasnifu aliyekesha na kompyuta yake huandika "katika sura hii tutajadili", ingawa hakuna aliyemsaidia hata kupanga aya. Kiswahili kimezoea mtu mmoja kusema kwa wingi, na karibu kila mara wingi huo unamshusha msemaji: anajisitiri ndani ya watu wake, anaona haya kujitaja. Ndiyo maana msomaji wa Kiswahili anayefungua Kurani na kumkuta Mwenyezi Mungu akisema "Sisi" anaweza kupotea njia bila kujua. Wingi ule unampandisha msemaji, na sikio letu halina mazoea nao.

Kiarabu kina jina la wingi huo. Wanasarufi huuita nuni ya adhama, kwa sababu alama yake ni herufi nuni: iko katika kiwakilishi nahnu (sisi), iko katika inna (hakika sisi), iko mwishoni mwa khalaqna (tumeumba) na anzalna (tumeteremsha), na iko mwanzoni mwa vitenzi vya wakati uliopo na ujao. Aliyesoma Ajurrumiya madrasani, kile kijitabu cha nahau cha Ibn Ajurrum wa Fez aliyefariki 1323, anakumbuka neno anaytu alilolishika kwa moyo hata kabla hajajua lina kazi gani. Ni herufi nne zinazotangulia kitenzi: hamza, nuni, ya na ta. Walimu wakifika kwenye nuni hueleza kwamba ina wenyewe wawili: msemaji aliye pamoja na wenziwe, na msemaji mmoja anayejiadhimisha nafsi yake. Maelezo hayo mafupi ndiyo jibu la kisarufi la swali lote. Mengine yote ni fasiri na mabishano.

Na mabishano yapo, hasa mahali ambapo watu wa dini mbalimbali wanaishi pamoja. Mukuju ni mji mdogo wa wilaya ya Tororo, kwenye barabara iendayo Mbale, katika nchi ya Wateso wa Uganda. Ukiifuata barabara hiyo kwenda kaskazini utafika Mbale, penye Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichofunguliwa 1988, na nje kidogo ya mji, kwenye kilima cha Nabugoye, wapo Abayudaya, jamii ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Ukirudi kusini unaifikia mipaka ya Malaba na Busia, ambako makanisa na misikiti ni majirani na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Mteso, Msamia, Mjopadhola na dereva wa lori kutoka Mombasa. Mahali kama hapa swali halikawii: kama Mungu ni mmoja, huyo "Sisi" ni nani na nani?

Tangu miaka ya 1980 swali hili limekuwa mtaji wa mihadhara ya kulinganisha dini, ile inayofanyika uwanjani kwa spika. Wahadhiri wa Kiislamu wa Tanzania ndio walioivumisha. Kitabu cha Ngariba na Kawemba, Uislamu katika Biblia, cha 1987, kilizunguka sana. Mhadhiri alisimama na Biblia mkononi akawauliza Wakristo juu ya Utatu. Wahubiri nao wakajifunza kusimama na Kurani ya Kiswahili na kuuliza juu ya "Sisi". Ukipita karibu na uwanja utasikia makofi ya pande zote mbili, ila maelezo ya nuni ni nadra kuyasikia.

Wengi wa wanaobishana hawajui kwamba mjadala huo ulikwisha kufanyika Madina, karibu mwaka 631. Ujumbe wa Wakristo wa Najran, kusini mwa Bara Arabu, ulikwenda kuonana na Mtume Muhammad. Ibn Ishaq, katika sira iliyotufikia kwa mkono wa Ibn Hisham, anasimulia kwamba miongoni mwa hoja zao ilikuwamo hii hii: Mungu husema tumefanya, tumeamrisha, tumeumba, angekuwa mmoja angesema nimefanya, nimeumba. Kwa hiyo hoja ya wingi si uzushi wa wahubiri wa leo. Ilitolewa na watu waliokijua Kiarabu. Jambo la kuvutia ni kwamba hakuna aliyeona haja ya kuibadilisha matini ili kuikwepa. Wingi umebaki ulivyokuwa, na wasomaji wakaachiwa kazi ya kuuelewa.

Tuuangalie kwa karibu basi. Aya ya 25 ya Surat al-Anbiyaa ina vitenzi viwili vya kwanza kwa wingi: kutuma mitume, na kuwapelekea wahyi. Kisha, ndani ya sentensi ile ile, kiwakilishi kinageuka kuwa ana, yaani mimi, na amri ya ibada inayofuata ni ya kumwabudu huyo "mimi" peke yake. Tulituma, tukafunua, mimi, niabuduni. Hakuna kituo kati yake wala kubadilika kwa msemaji. Asiyejua nuni ya adhama ataona mkorogano. Anayeijua ataona kwamba mahali pa kazi na uwezo pamewekwa wingi, na mahali pa ibada, ambapo mshirika hatakiwi hata kwa kudhaniwa, pamewekwa umoja. Surat Taha inafanya hivyo hivyo pale Musa anapoitwa kwenye moto: msemaji anajitambulisha kwa "mimi" mfululizo, bila hata chembe ya wingi. Katika al-Baqara, aya ya 186, Mungu anapomwambia Mtume kwamba yuko karibu na anayemwomba, anasema pia kwa umoja. Kuteremsha, kuhifadhi, kuhuisha na kuangamiza umma zilizopita hupenda wingi.

Sisemi kwamba kanuni hii haina mwanya. Katika al-Dhariyat kuumba majini na watu kumetajwa kwa umoja. Lakini hapo kuumba kumefungamanishwa na ibada, na huenda ibada ndiyo iliyovuta umoja. Katika Surat Qaf ukaribu, uliotajwa kwa umoja katika al-Baqara, unatajwa kwa wingi: Mungu yuko karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake. Ibn Kathir, mfasiri wa Damasko aliyefariki 1373, aliona kwamba hapo wanakusudiwa malaika. Kabla yake Ibn Taymiyya alikuwa ameeleza kwamba "Sisi" husemwa na mwenye washirika, au na mkubwa mwenye wasaidizi wanaomtii. Na kwa kuwa Mungu hana mshirika, wingi wake ni wa aina ya pili. Jibu hilo linapendwa sana misikitini. Mimi naliona linafaa mahali fulani na halifai kila mahali. Katika al-Baqara, aya ya 34, malaika wanaamrishwa kumsujudia Adamu, na kitenzi cha kuamrisha kiko kwa wingi. Anayeambiwa "sujudu" hawezi tena kuhesabiwa ndani ya "tulisema". Maelezo ya wanasarufi, kwamba msemaji anajiadhimisha, yanazitosha aya zote. Ya malaika yanazitosha baadhi.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwenye mihadhara hautajwi, nao una nguvu kuliko yote. Wingi huu haupatikani ila katika nafsi ya kwanza. Mungu akitajwa na mwingine ni huwa, yeye, umoja daima. Akiombwa ni "Wewe", kama kila anayesoma al-Fatiha ajuavyo kwa ulimi wake. Dua za Kurani hazimwiti "Ninyi", isipokuwa mahali pamoja katika Surat al-Mu'minun, aya ya 99, ambapo mtu aliyefikwa na mauti anaomba arudishwe na kitenzi chake kinatoka kwa wingi; wafasiri wakagawanyika, wapo waliosema ni kumwadhimisha Mungu na wapo waliosema anawageukia malaika. Dini inayoamini miungu kadhaa isingeweza kuwa na wingi wa namna hii, unaozuka mmoja anapojisemea na kutoweka wengine wanapomsemea.

Sasa jina la Kiswahili. "Wingi wa heshima" ndiyo istilahi inayosikika zaidi, na ndiyo mbovu kuliko zote. Heshima unampa mwingine, hujipi mwenyewe. Jina hilo linawafaa Wafaransa wanaomwita mkubwa wao kwa kiwakilishi cha wingi, kwa sababu wao wanamwadhimisha msikilizaji. Hapa anayeadhimishwa ni msemaji. "Wingi wa kifalme" umekaribia zaidi, na mifano yake si ya mbali: amri za Sultani Qaboos wa Omani zilianza kwa nahnu, kisha jina lake. Lakini jina hilo linageuza mambo chini juu, kana kwamba Mungu amewaiga wafalme. "Wingi wa utukufu" unaeleweka na sina ugomvi nao. Ila mimi huchagua "wingi wa adhama". Neno adhama limo katika Kiswahili tangu zamani, pamoja na nduguze adhimu na adhimisha. Anayelisikia hujua kuwa ni ukuu wenye haiba. Pia linamfungulia mwanafunzi mlango wa vitabu vya Kiarabu, kwa maana adhama ya Kiswahili na ya nuni ile ni neno moja.

Upande wa tafsiri, wakubwa wetu hawakuyumba. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye Kurani yake kamili ilitoka 1969, na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani aliyemfuata miaka ya 1990, wote waliuacha wingi uwe wingi. Barwani ameandika Sisi kwa herufi kubwa. Ni dawa nzuri kwa jicho, nayo haimo katika Kiarabu, kwa kuwa hati ya Kiarabu haina herufi kubwa. Kwa sikio haisaidii kitu. Kiswahili nacho hakikihitaji kiwakilishi kila mara. Mzigo wote unabebwa na silabi moja, tu-, iliyojibana mwanzoni mwa kitenzi, ile ile ya "tupo" ya mzee wa barazani.

Kiteso, lugha ya Wateso wa Mukuju na ya ndugu zao wa Busia upande wa Kenya, kinamlazimisha mfasiri kusema zaidi ya hapo. Kina "sisi" mbili. Oni ni sisi pamoja na wewe ninayesema nawe. Isio ni sisi bila wewe. Kisamia, Kidhopadhola, Kiganda na Kiswahili havina tofauti hiyo, na Kiarabu hakina. Anayefasiri nuni ya adhama kwa Mteso hana hiari: ni isio. Akisema oni atakuwa amemweka msikilizaji ndani ya kazi ya kuumba, kufuru ambayo hakuikusudia. Hata hivyo isio nayo inauliza kwa ukali zaidi swali lile la uwanjani, maana kwa kawaida ni "mimi na wenzangu, wewe humo". Bila maelezo haitoshi.

Tofauti hiyo hiyo inaumbua ulinganifu unaopendwa mihadharani, wa kuiweka "Sisi" ya Kurani ubavuni mwa Mwanzo 1:26, ambapo Mungu anasema kwa wingi juu ya kumfanya mtu. Ile ya Mwanzo ni kauli ya kushawishiana, kama mtu anayesema "twende": inamvuta anayeambiwa, yeyote awaye, aingie katika tendo. Mteso ataisikia upande wa oni. Ya Kurani inamwacha nje anayeambiwa. Kiebrania kina wingi mwingine tena, ambao Abayudaya wa Nabugoye wanausoma katika Torati yao: jina Elohim lina umbo la wingi, lakini katika sentensi ya kwanza ya Mwanzo kitenzi chake ni cha umoja. Kiarabu kimefanya kinyume. Jina Allah halina wingi kabisa, na wingi umepewa kitenzi na kiwakilishi. Hivyo ni vitu vitatu vyenye sarufi tatu, vinavyotupwa kwenye kapu moja kwa kuwa Kiswahili cha uwanjani kina neno moja tu, "wingi".

Mfasiri wa darsa anayesimama kando ya sheikh na kusema kwa Kiswahili papo hapo ana njia ya kukwepa yote haya. Anaweza kusema "Mwenyezi Mungu anatuambia kwamba Yeye ndiye aliyewatuma mitume", akahamia nafsi ya tatu, na hakuna atakayenyoosha mkono. Ni salama, na simlaumu aliye mbele ya watu mia na saa ya swala inakaribia. Lakini akifika aya ya 25 ya al-Anbiyaa atakuwa na "Yeye" ya kutuma na "Yeye" ya kuabudiwa, na ule mgeuko kutoka tu- kwenda mimi, ambao ndio ungemjibu muulizaji wa uwanjani, msikilizaji wake hataupata.